"Lazima tufomati": laptopu za walimu Kiritiri baada ya Windows 10



Wiki chache kabla ya Ramadhani mdogo wangu alinipigia simu usiku, saa ambayo mtu akikupigia moyo unaruka. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa Kisauni aliyepelekwa na TSC kufunza Kiritiri, Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu. Nilidhani kuna msiba. "Kaka," akasema, "fundi wa hapa anasema laptopu lazima ifomatiwe. Windows 10 imekwisha. Nimwachie?" Nikamwambia asimwachie mtu yeyote mpaka nifike.

Najua wapo watakaocheka. Mtu atoke Mombasa hadi Kiritiri kwa ajili ya laptopu! (Walimu wa Kiswahili wanataka tuseme kipakatalishi, na mdogo wangu ni mmoja wao, lakini hata yeye simuni alisema laptopu.) Nilikuwa na safari ya Nairobi tayari kwa shughuli zangu, kwa hivyo haikuwa kwenda mbali sana na njia. Lakini hata ningekuwa sina safari, ningeifikiria. Ndani ya mashine ile kuna ratiba ya shule nzima, na mwaka huu ratiba ni kizungumkuti kwa sababu shule ina Kidato cha Tatu na cha Nne wa mfumo wa zamani na Gredi ya Kumi ya kwanza kabisa, wote chini ya paa moja na walimu wale wale. Kuna alama za wanafunzi tangu 2019. Na kuna programu ya kuchambua mitihani ambayo shule iliilipia, ikanunuliwa kwa mtu ambaye simu yake siku hizi haipatikani. Sidii yake haipo. Nambari ya leseni iliandikwa kwenye karatasi, na karatasi haipo. Ukifomati mashine hiyo, programu imekwenda na maji.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe, maana naona wengi hawakuisikia. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo ulioanza Julai 2015 na ambao mpaka leo ndio ulioko kwenye mashine nyingi ninazoziona ofisini, shuleni na kwenye saiba. Siku iliyofuata, tarehe 15, tukapata habari ya kifo cha Raila Odinga kule Kerala, India, na nchi ikasimama, Pwani yetu ikiwemo. Nani angekaa kuzungumza habari ya Windows wiki ile? Basi jambo likapita kimya, likaachiwa mafundi wa mitaani kulieleza kila mmoja kwa anavyojua. Na wanavyojua wengi ni neno moja: fomati.

Mimi neno hilo nalichukia kwa sababu. Mapema mwaka 2020, Windows 7 nayo ilipofikia mwisho wake tarehe 14 Januari, nilikuwa natunza hesabu za kamati ya madrasa ya mtaani kwetu. Diploma yangu ni ya uhasibu, kwa hivyo kazi kama hizo hunifuata zenyewe. Katika hesabu hizo kulikuwa na michango ya karo za mayatima arobaini na kitu: nani kalipa, nani kaahidi, mtoto yupi kalipiwa na nani. Nikampa fundi mmoja mjini laptopu aniwekee Windows 10. Akaniuliza, "Mzee, nikuhifadhie faili zako?" Nikasema naam. Akahifadhi kabati la Documents, picha, na vilivyokuwa juu ya uso wa skrini. Akafomati. Mashine ikarudi inang'aa kama sufuria mpya.

Niliporudi nyumbani programu ya hesabu haikuwepo, na hilo nililitarajia. Nisilolijua ni kwamba programu ile ilikuwa haiweki hesabu zake kwenye Documents hata siku moja. Ilikuwa inaziweka kwenye kabati lake yenyewe ndani ya diski, mahali ambapo mtu wa kawaida hafungui. Vitabu vya miaka sita vikawa vimefutika. Fundi hakuwa mwizi wala mzembe sana, alifanya kile wanachofanya wote. Lakini ile ilikuwa amana, na nilikaa miezi miwili usiku baada ya Isha nikizijenga hesabu upya kutoka kwenye risiti za karatasi na ujumbe wa M-Pesa. Wafadhili wawili hatukukubaliana mpaka leo walitoa kiasi gani. Sikudhulumu, Mungu ndiye shahidi, lakini karatasi ya kuonyesha sina.

Ndiyo maana nilikwenda Kiritiri.

Sisi watu wa Pwani tunaijua Mbeere kwa jambo moja tu, muguka. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku, Rais akasema amri zile ni batili na mahakama ya Embu ikazisimamisha, tukabaki tunarushiana maneno na watu ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona. Mimi msimamo wangu juu ya muguka haujabadilika. Lakini niliteremka Embu mjini, ambako ni baridi na kijani, nikapanda matatu ya kushuka Kiritiri, na kadiri tunavyoshuka ndivyo nilivyojiona narudi kwetu: jua kali, vumbi jekundu, mbuzi, migunga. Ungeniambia niko Kaloleni au Kinango ningekubali. Na shida za walimu wa huko ni shida za walimu wa Kinango.

Mashine ya mdogo wangu ni Lenovo ThinkPad T480. Aliinunua Mombasa ikiwa imetumika Uingereza, kama tunavyonunua sote. Fundi wa Kiritiri, kijana mmoja mwenye adabu sana, alinieleza kwa ufupi: "Mzee, Windows 11 imeikataa hii mashine. Ni nzee. Ama ununue nyingine ama nifomati niiingize kwa njia ya pembeni." Nikamwomba tukae tuiangalie pamoja.

Windows 11 ina masharti ambayo Windows 10 haikuwa nayo. Inataka prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Inataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Inataka mashine iwake kwa mtindo mpya na iwe na uwezo wa Secure Boot, mlinzi wa mlangoni anayehakikisha hakuna kilichoingia kabla ya mfumo wenyewe kuamka. T480 ina prosesa ya kizazi cha nane. TPM inayo. Sasa ilikataliwa kwa nini?

Kwa sababu fundi fulani huko nyuma, alipoiwekea Windows 10, aliiweka kwa mtindo wa zamani. Diski ikapangwa kizamani na Secure Boot ikazimwa. Mashine haikuwa nzee, ilivalishwa nguo za mzee. Ninaamini laptopu nyingi zinazoambiwa "imekataa" zina ugonjwa huu, maana mafundi wetu wengi wamekuwa wakitembea na fleshi ile ile tangu enzi za Windows 7.

Ugonjwa huo unatibika bila kufuta kitu. Windows 10 yenyewe ina kifaa kidogo ndani yake, mbr2gpt, kinachobadilisha mpangilio wa diski kutoka wa kale hadi mpya huku faili na programu zikibaki pale pale. Lakini kabla ya kukigusa tulifanya lile ambalo halikufanywa kwangu 2020: tulichukua nakala ya diski nzima, diski nzima nasema, na kuiweka kwenye diski ya nje. Documents peke yake haitoshi. Kuna programu za bure za kufanya hivyo, na inachukua saa mbili hivi. Kukiharibika kitu, unarudisha mashine ilivyokuwa asubuhi, na ratiba yake, na leseni yake, na hata uchafu wake. Tulihakikisha pia diski haijafungwa kwa BitLocker. Mtu ambaye yake imefungwa na hajui ufunguo wake wa kuifungulia uko wapi, asiguse mipangilio ya mashine kabla ya kuutafuta na kuuandika.

Halafu tukageuza diski, tukaingia kwenye mipangilio ya ndani kwa kubonyeza F1 mashine inapowaka, tukawasha mtindo mpya na Secure Boot. Ikawaka. Kijana fundi akanitazama.

Tukachomeka fleshi yake yenye Windows 11. Hapa kuna jambo ambalo nitalirudia kwa kila mtu mpaka wanichoke. Ukitaka kubaki na programu zako, usiwashe mashine kwa ile fleshi. Mashine ikiwaka kwa fleshi, njia uliyoishika ni ya kuweka mfumo upya, na programu haziponi. Iache mashine iwake kwa Windows 10 yake kama kawaida, ingia ndani, kisha fungua fleshi na uanzishe zoezi kutoka humo humo. Njia hii ndiyo inayokupa chaguo la kubakisha faili zako binafsi pamoja na programu.

Tukafanya hivyo. Na chaguo hilo likatokea, lakini limefifia, halibonyezeki. Liliokubali ni la kubakisha faili tu, au kutobakisha chochote.

Mdogo wangu alikaa chini. Mimi nilitoka nje nikaswali Alasiri, maana wakati mwingine kuiacha mashine ndiyo tiba ya kwanza. Niliporudi nikakumbuka mashine ilikotoka. Ni ya Uingereza! Windows yake iliwekwa kwa Kiingereza cha Uingereza, na fleshi ya fundi ilikuwa na Kiingereza cha Marekani. Kwetu sisi Kiingereza ni Kiingereza, lakini kwa zoezi hili ni lugha mbili, na zisipolingana halikubali kubakisha programu. Ni hivyo hivyo pia daraja la Windows lisipolingana, kwa mfano mashine ina Pro nawe umeleta Home. Au ikiwa Windows 10 yako ni ile ya biti 32, kwa sababu Windows 11 ipo ya biti 64 pekee na hakuna kupanda kutoka moja hadi nyingine bila kuanza upya. Hebu fikiria laptopu ngapi nchini zimefomatiwa kwa sababu ya tofauti ya Kiingereza cha London na cha Washington. Kwenye orodha ya Microsoft ile ya Uingereza inaitwa Kiingereza cha Kimataifa, na mtu asiyeelezwa atajuaje?

Ikabidi tuishushe mpya. Ni zaidi ya gigabaiti tano, kwa hivyo mdogo wangu akanunua bando la usiku tukalala tukiliachia. Saa nane stima ikakatika. Kiritiri haiko mbali na mabwawa ya Seven Forks. Kiambere liko huko huko Mbeere, na umeme wake unakuja mpaka kwetu, lakini wenyeji walinipa mishumaa bila hata kushtuka, kama watu waliozoea. Kwa hivyo zoezi lenyewe tulilifanya kesho yake mchana betri ikiwa imejaa, na mashine hii bahati nzuri ina betri mbili. Mwenye laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya, aifanyie kazi hii mahali penye jenereta au atafute betri kwanza. Stima ikikatika katikati ya kubadilisha mfumo, hiyo nakala ya diski ndiyo itakayokuokoa.

Saa moja na nusu. Mara hii chaguo lilibonyezeka. Mashine ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, kisha skrini ikafunguka na picha ya watoto wa mdogo wangu ikiwa pale pale. Akafungua programu ya mitihani. Haikuuliza leseni. Ratiba ikafunguka. Alama za 2019 zikafunguka. Printa ndiyo iliyogoma, tukaiwekea draiva upya, ikakubali. Nikamwambia ajaribu kila kitu wiki hiyo hiyo, kwa sababu Windows humpa mtu siku kumi tu za kurudi alikotoka kwa kubonyeza. Baada ya hapo kabati la zamani linafutwa.

Alhamdulillahi. Lakini hapo bado ni mashine moja, na hadithi haiko hivyo kwa wote.

Mwalimu mwenzake alileta HP EliteBook 840 G3. Hii nayo imeenea sana huku kwetu, na ina prosesa ya kizazi cha sita. Hiyo kweli imekataliwa, na hakuna mpangilio utakaoifanya ikubalike. Iko njia ya pembeni ya kuipandisha kwa nguvu, na inaweza hata kubakisha programu. Microsoft wenyewe waliwahi kuieleza hadharani kabla ya kuyaondoa maelezo yale. Lakini wanasema waziwazi kwamba mashine ya namna hiyo haina dhamana ya kupata masasisho. Kwa mwalimu anayebeba alama za watoto wa watu, sioni faida ya kuhama nyumba yenye mlinzi wa mwaka mmoja kwenda nyumba ambayo mlinzi anaweza asije kabisa.

Maana mlinzi wa mwaka mmoja yupo, na hili ndilo fundi wa Kiritiri hakulijua, wala mimi sikulisikia kwenye redio hata moja ya Pwani. Windows 10 haikuzimwa. Inafanya kazi kama jana. Kilichosimama ni viraka vya usalama, na hata hivyo mtu binafsi anaweza kuviendeleza mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Anajiandikisha kwenye sehemu ya masasisho ndani ya Windows yenyewe, kwa akaunti ya Microsoft. Akikubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwao, halipi kitu. Asipotaka, analipa dola 30 mara moja, kama shilingi 3,900 hivi, na malipo hayo yanaweza kutumika kwa mashine hadi kumi zilizo chini ya akaunti yake. Sharti Windows 10 yake iwe toleo la mwisho, 22H2. Mwalimu yule alijiandikisha kwa dakika kumi tukiwa tunakunywa chai. Hakupoteza programu hata moja kwa sababu hakuhama.

Viraka ni muhimu kiasi gani? Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi takriban 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa majumbani. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa na mifumo mizee ambayo haikuwa ikipewa viraka tena.

Sasa tusome siasa yake. Watu wa Ulaya, kuanzia nchi za Umoja wa Ulaya hadi Norway na Iceland, wanapewa mwaka huo huo bure bila sharti la kuhifadhi mipangilio yao kwa Microsoft. Wanachotakiwa ni kuingia kwa akaunti tu. Hawakupewa kwa huruma. Mashirika yao ya kutetea wanunuzi yalisimama, yakaandika barua, kampuni ikalegeza. Sisi tumepewa masharti mazima mazima kwa sababu hakuna aliyesimama. Na kwa shule bei ni ndogo ajabu: dola moja kwa mashine mwaka wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu. Kampuni na ofisi za kawaida zinaanza na dola 61, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Dola moja! Kama shilingi 130 hivi! Wizara ya Elimu ingeweza kukaa na Microsoft ikaziombea shule zote za umma kwa mkupuo mmoja, badala ya kila mwalimu kukimbilia kwa fundi na fleshi. Hii ni serikali ambayo ilizinunulia shule za msingi vifaa zaidi ya milioni moja tangu 2016. Kununua inajua. Kutunza kilichonunuliwa ndiko sijakuona.

Huku nyuma mzigo umewekwa begani mwa mwananchi. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, pasipoti, vyote vimepelekwa eCitizen, zaidi ya huduma 5,000. KRA huko huko mtandaoni, HELB mtandaoni, KUCCPS mtandaoni. Serikali imehamia kwenye mtandao na mlango wake kwa mtu wa Kiritiri ni saiba ya mama mmoja mwenye kompyuta nne na printa moja.

Nilikwenda kwake kuchapisha karatasi, mazungumzo yakazaa mengine. Kompyuta mbili zina Windows 7 mpaka leo, za biti 32, kumbukumbu gigabaiti mbili. Wateja wanaandika hapo nywila zao za KRA. Akaniuliza, "Wewe ndugu ya mwalimu, hizi nazo zitapanda?" Nikamwambia hizi hazipandi, tusidanganyane. Lakini kazi yake karibu yote inafanyika ndani ya kivinjari, na kwa kazi ya namna hiyo hahitaji Windows. Linux inatosha, nayo ni bure na inapata viraka, ingawa kwa gigabaiti mbili itabidi achague ile nyepesi na aongeze kumbukumbu akiweza. Hata fomu ya KRA, ile ya Excel iliyotuchosha miaka yote, imekuwa na toleo linalofunguka kwa LibreOffice. Akasema vizuri, lakini Photoshop yake ya picha za pasipoti? Na skana? Hapo nilinyamaza kidogo. Photoshop haitaishi kwenye Linux kwa namna ya kumtegemeza mtu mwenye biashara. Tukakubaliana mashine moja kati ya zile mbili zenye Windows 10 ibaki hivyo hivyo na Photoshop yake na skana yake, ijiandikishe kwa viraka, na wateja wasiiguse. Ile mashine nyingine ya Windows 10 hatukuifikia. Gari langu lilikuwa linaondoka.

Wenye maduka ya Mombasa mtanisamehe kwa haya yanayofuata. Ofisi za Ulaya zinazitoa mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zinaweza kuishia kwenye taka kwa sababu ya jambo hili. Taka hazikai Ulaya. Mtaona mwaka huu laptopu safi kabisa za kizazi cha sita na cha saba kwenye rafu za Moi Avenue na Digo Road, bei ya kushangaza, na ndani zimewekwa Windows 11 kwa njia ya pembeni ili mnunuzi aione imepita. Mnunuzi aulize kizazi cha prosesa, asiulize Windows gani imo. Na asitegemee kwamba mashine mpya itashuka bei. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zimepanda duniani kwa sababu kampuni za akili bandia zinazinyakua kwa ajili ya vituo vyao, na laptopu mpya zinapanda nazo.

Kaunti zetu za Pwani zina mafundi vijana wengi kuliko zinavyojua, na zina vyuo vya ufundi. Siku moja ya mafunzo ingetosha kumfundisha kijana kuchukua nakala ya diski nzima, kutambua mpangilio wa kizamani, kulinganisha lugha na daraja, na kumwandikisha mteja kwa viraka. Fundi wa Kiritiri alijifunza yote hayo kwa mchana mmoja, na bila diploma. Aliniambia kufomati anatoza shilingi mia tano na inachukua saa moja. Hii yetu ilichukua siku mbili. "Sasa mzee, hii nitatoza ngapi?" Sikuwa na jibu zuri. Mteja anaona mashine ile ile, picha ile ile, programu zile zile. Atalipa elfu mbili kwa ajili ya kitu ambacho hakikupotea?

Mdogo wangu amenipigia tena juzi, mara hii mchana. Matokeo ya mtihani wa kwanza wa muhula yamechapishwa kwa programu ile ile. Na walimu wengine sita wameleta laptopu zao kwake baada ya kusikia. Nne ni za kizazi cha sita, ameshaziandikisha. Moja ina Kiingereza cha Marekani, kwa hivyo fleshi ya zamani ya fundi imepata kazi. Ya sita ina BitLocker, na mwenyewe hajui ufunguo uko wapi.

"Mwambie asizime," nikamwambia. "Aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft autafute huko kwanza."

"Ameshaizima," akasema.